Wasifu wa muuaji wa mfululizo: uanzie kwenye tabia, takwimu au ramani?

"Shikamoo mwalimu. Nataka kuwa mmoja wa wale wanaosoma akili za wauaji. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu niliupata usiku kutoka kwa binti anayemaliza shahada ya saikolojia, na si wa kwanza wa aina yake. Wengine wanaoniuliza ni askari vijana wa upelelezi, wengine wanasheria, wengine walikesha wakitazama tamthilia wakaona wito wao ndio huu. Karibu wote huamini kazi ya kuchambua wauaji wa mfululizo na kuandika wasifu wao, yaani maelezo ya mtu ambaye bado hajajulikana, ni moja. Kuna njia tatu kubwa, zilizozaliwa mahali patatu kwa ajili ya maswali matatu, na mtu anaweza kuwa hodari katika moja akawa hafai kabisa katika nyingine.

Ya kwanza ni njia ya Quantico, jimbo la Virginia, Marekani, ambako maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo, walianza kumsoma muuaji kutokana na alichofanya katika eneo la tukio. Ya pili ni ya Uingereza, ya mwanasaikolojia David Canter, nayo inasimama juu ya takwimu. Ya tatu ilikomaa Vancouver, Kanada, mikononi mwa askari Kim Rossmo, na chombo chake ni ramani.

Vipimo nitakavyotumia

Naanza na kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha vipimo vyenyewe.

Kati ya 1940 na 1956 mtu asiyejulikana alitega mabomu zaidi ya 30 mjini New York, katika vituo vya treni, majumba ya sinema, hata maktaba. Hakuua mtu, lakini alijeruhi wengi na mji ukaingiwa na hofu. Polisi walimwendea James Brussel, daktari wa magonjwa ya akili. Alisoma barua za mtega mabomu, akasema mtafuteni mwanaume wa makamo, nadhifu kupita kiasi, asiye na mke, mwenye kinyongo cha miaka mingi na kampuni ya umeme. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliongeza kwamba siku mtakapomkamata atakuwa amevaa koti la vifungo safu mbili, na vyote vimefungwa. Januari 1957 polisi walibisha hodi usiku katika nyumba moja ya Waterbury, Connecticut. George Metesky, aliyekuwa akiishi na dada zake, alifungua akiwa na nguo za kulalia. Wakamwambia akavae. Akarudi na suti ya vifungo safu mbili, vyote vimefungwa.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Anayeachwa nje ni Alice Kelly, karani wa kampuni ya umeme, aliyekuwa akipekua majalada ya zamani ya wafanyakazi waliodai fidia. Katika jalada la mtu aliyeumia kazini mwaka 1931 na kunyimwa fidia alikuta barua zenye misemo ileile ya mtega mabomu. Karani huyo ndiye aliyempata. Brussel naye apewe haki yake: alishauri wasifu utangazwe badala ya kufichwa, na mtega mabomu akaanza kujibizana na gazeti moja la mjini, akaeleza humo kisa chake cha kuumia. Kilichowaongoza polisi mpaka mlangoni ni barua na jalada. Koti halikumkamata mtu.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza mambo matano: inajibu swali gani, inahitaji nini mezani, ilisaidia wapi kwa kweli, iliumiza nani ilipokosea, na inamfaa mtu wa namna gani. Uzito mkubwa nauweka kwenye la nne. Wasifu ukikosea, yuko mtu asiye na hatia anayebebeshwa mzigo, na yuko muuaji anayeendelea kutembea mitaani.

Njia ya Quantico: kusoma tabia

*Swali lake.* Ni mtu wa namna gani angeweza kufanya hivi, kwa mpangilio huu, kwa mwathirika huyu?

Kitengo cha sayansi ya tabia cha FBI kilianzishwa 1972. Howard Teten, aliyewahi kuwa askari wa kawaida California, alifundisha pamoja na Patrick Mullany. Miaka ya mwisho ya sabini Robert Ressler na John Douglas walianza kupita magerezani kuwahoji wauaji wenyewe. Jumla ya waliochambuliwa katika utafiti huo ilikuwa wanaume 36. Napenda vijana wakariri na jina la tatu, Ann Burgess, muuguzi wa afya ya akili na mtafiti aliyekuwa amefanya kazi na wanawake waliobakwa huko Boston. Maofisa walikuwa na kanda za mazungumzo. Burgess ndiye aliyewalazimisha kuuliza kila mfungwa maswali yaleyale na kuandika majibu kwa utaratibu unaoweza kulinganishwa. Bila yeye zingebaki hadithi za magerezani.

Kazi hiyo ina uso wake wa karibu. Safari moja Ressler aliingia peke yake kumhoji Edmund Kemper katika gereza la Vacaville, California. Kemper ana urefu wa zaidi ya mita 2 na alikuwa ameua watu 10, akiwamo mama yake mzazi. Baada ya saa kadhaa Ressler akabonyeza kengele ya kumwita mlinzi. Hakuna aliyekuja. Akabonyeza tena. Kemper akamwambia atulie, walinzi wanabadilishana zamu, kisha akamweleza kwa utulivu kwamba angetaka angeweza kumng'oa kichwa na kukiweka juu ya meza ili mlinzi akikute. Ressler ilibidi aongee, aongee, ajifanye kuwa na silaha, mpaka mlango ukafunguliwa. Kemper alipotoka alimgusa begani na kusema alikuwa akitania tu. Tangu hapo hakuna ofisa aliyeruhusiwa kuingia peke yake.

*Mezani.* Jalada lote: picha za eneo la tukio, ripoti ya uchunguzi wa maiti, maelezo ya mashahidi, na maisha ya marehemu kwa kina. Hilo la mwisho hudharauliwa, wakati ndilo linaloonyesha muuaji alimpataje mtu huyu na si mwingine. Bila jalada zuri mchambuzi wa Quantico hana cha kusoma.

*Iliposaidia.* Montana, 1973. Mtoto wa kike wa miaka 7 alichukuliwa usiku ndani ya hema familia yake ikiwa kambini. Hema lilichanwa kwa kisu. Teten na Mullany walieleza kijana wa eneo hilohilo, mpweke, ambaye huenda alishaua kabla, na wakaonya kwamba anaweza kuipigia simu familia siku ya kutimia mwaka. Wakashauri kinasa sauti kikae karibu na simu. Siku ile, saa za usiku, simu ikalia. Mama alizungumza naye kwa upole kwa zaidi ya saa nzima, naye akashindwa kukata. Kijana aliyekuwa akishukiwa, David Meirhofer, alikuwa ameshapita kipimo cha uongo, na bila sauti hiyo iliyonaswa pengine angebaki huru. Huo ndio unaohesabiwa kuwa wasifu wa kwanza wa FBI kusaidia kumpata muuaji.

Atlanta nako, ambako watoto na vijana Weusi waliuawa kati ya 1979 na 1981, wengi waliamini muuaji ni mzungu mwenye chuki ya rangi. Douglas alisema atakuwa mtu Mweusi, kwa sababu mtaa ule usingemwacha mzungu azunguke bila kuonekana. Ilipotangazwa kwamba polisi wanakusanya nyuzi kutoka kwenye miili, miili ikaanza kutupwa mitoni, polisi wakalinda madaraja. Mei 1981 askari mmoja chini ya daraja la mto Chattahoochee alisikia kishindo cha kitu kizito majini. Gari lililosimamishwa lilikuwa la Wayne Williams, aliyehukumiwa mwaka uliofuata kwa mauaji ya watu wazima wawili.

*Ilipoumiza.* Atlanta hiyohiyo, Julai 1996, wakati wa Olimpiki. Mlinzi Richard Jewell aligundua begi lenye bomu na kuwaondoa watu. Kisha wachambuzi wakaona anafanana na wasifu wa mtu anayetengeneza hatari ili aonekane shujaa. Kwa siku 88 alikuwa mshukiwa mbele ya dunia nzima, mpaka akasafishwa kwa barua rasmi. Aliyetega bomu, Eric Rudolph, alikamatwa 2003. Mwaka 2002, watu 10 walipouawa kwa risasi za mbali katika eneo la Washington, wachambuzi walijaa kwenye televisheni wakielezea mzungu anayefanya peke yake. Waliokamatwa walikuwa wawili, Weusi, mmoja akiwa na miaka 17.

Mgawanyo maarufu wa Quantico, wa muuaji mwenye mpangilio na asiye na mpangilio, nao ulipimwa. Mwaka 2004 Canter na wenzake walichukua mauaji 100 ya wauaji 100 wa mfululizo wa Marekani, wakaona makundi hayo mawili hayajitengi. Dalili nyingi za mpangilio ziko karibu kwa kila muuaji wa mfululizo.

*Inamfaa nani.* Mpelelezi mwenye miaka ya kazi, anayeweza kukaa na mtu wa kutisha bila kuonyesha woga wala dharau. Huko kwenyewe huingii moja kwa moja kutoka chuoni: lazima uwe raia wa Marekani na uwe ofisa kamili wa FBI kwanza. Kwetu maana yake ni kuanza na gwanda, na kukubali miaka ya wizi wa mifugo na ajali za barabarani kabla ya jalada lako la kwanza la mauaji.

Njia ya Canter: kuhesabu

*Swali lake.* Matendo haya huenda pamoja na matendo gani mengine, na watu waliokwisha kupatikana wakifanya hivyo walikuwa nani?

Canter hakuwa askari wala daktari. Alikuwa akichunguza jinsi watu wanavyokimbia majengo yanayoungua. Polisi wa London walipomwomba msaada kuhusu mfululizo wa ubakaji na mauaji karibu na reli, alileta mazoea yaleyale: usiulize kwanza mtu anawaza nini, orodhesha alichofanya, saa ngapi, wapi.

*Mezani.* Data, nyingi na safi. Hebu fikiria jedwali. Kila mstari ni kesi iliyokwisha kufungwa. Kila safu ni tendo: alimfunga mwathirika, 1 au 0; alizungumza naye kabla, 1 au 0; aliondoka na kitu, 1 au 0. Unajaza mistari mia, mia mbili, halafu unatafuta matendo gani yanatembea pamoja. Ni kazi ya mgongo kuuma na macho kuwasha, na haina mlio wa ving'ora. Wengi waliokuja kwa ajili ya tamthilia huishia mstari wa kumi.

*Iliposaidia.* Mwaka 1986 Canter aliwapa polisi wasifu wenye mambo 17. Alisema mhalifu anaishi eneo la Kilburn au karibu yake, ana ndoa yenye matatizo na hana watoto, na ana ujuzi wa reli. John Duffy, seremala aliyewahi kufanya kazi shirika la reli, alikuwa kwenye orodha ya washukiwa karibu 2,000, tena mbali chini. Mambo 13 kati ya 17 yalimwangukia, polisi wakamfuatilia, na mwaka 1988 akahukumiwa. Kazi ya kamba ya pekee aliyotumia kufungia waathirika, ambayo ilipatikana nyumbani kwa wazazi wake, isisahauliwe. Wasifu ulipunguza orodha, ushahidi ukafunga kesi. Na hata hivyo mshiriki wake, David Mulcahy, hakuhukumiwa mpaka 2001.

*Ilipoumiza.* Uingereza ilipata jeraha lake kubwa kupitia mwanasaikolojia wa mtindo mwingine, wa kliniki. Julai 1992 mama kijana aliuawa hadharani katika uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, London, mwanawe mdogo akiwa pembeni. Wasifu ulioandaliwa na Paul Britton uliwafanya polisi wamtupie macho mwanaume mmoja wa jirani. Askari wa kike akatumwa ajifanye mpenzi wake kwa miezi kadhaa ili amvute aseme mawazo ya kikatili. Mwaka 1994 jaji akautupa nje ushahidi huo wa mtego. Muuaji halisi, Robert Napper, alikiri 2008. Katikati alikuwa ameua mama mwingine na binti yake mdogo. Hapo huwa nasimama ninapofundisha. Wakati mwanaume yule asiye na hatia yuko mahabusu akisubiri kesi, Novemba 1993, mtoto wa miaka 4 aliuawa kitandani mwake.

Kosa hilo si la Canter, lakini njia yake ina udhaifu wake, nao unatuhusu sana. Takwimu zinatoka kwa waliokamatwa, na zinatoka Uingereza na Marekani. Mwanaume wa miaka 30 anayeishi kwa mama yake ni alama katika majalada ya Marekani. Mwanza au Kisumu huyo ni kijana wa kawaida anayesubiri kuoa. Mtu asiye na ajira ya kudumu, anayelala kwa ndugu, anayehama mji kila msimu wa mavuno: kwa jedwali la London ni mtu wa kutiliwa shaka, kwetu ni nusu ya abiria wa basi. Atakayebeba jedwali la wengine na kulitumia hapa kama lilivyo atawakamatisha watu bure.

*Inamfaa nani.* Mwanasaikolojia asiyeogopa hesabu, na anayeweza kumwambia mkuu wa upelelezi "data hazisemi hivyo" bila kutetemeka. Njia yake ni shahada ya pili ya saikolojia ya upelelezi au ya kisheria. Canter aliijenga Liverpool, baadaye Huddersfield.

Njia ya ramani

*Swali lake.* Anatokea wapi?

Mzizi wake mmoja uko Yorkshire, Uingereza. Kati ya 1975 na 1980 Peter Sutcliffe aliua wanawake 13. Polisi walikuwa na kadi za karatasi nyingi hata sakafu ya ofisi ikahofiwa kuzidiwa na uzito. Walikuwa wamemhoji Sutcliffe mara 9. Juu ya hayo, mwaka 1979 walipokea kanda ya sauti ya tapeli mwenye lafudhi ya Sunderland wakaiamini, na kila mtu asiye na lafudhi hiyo akaachwa aende. Desemba 1980 mtaalamu wa sayansi ya jinai Stuart Kind alichukua ramani na matukio 17. Akatafuta kitovu chake. Kisha akaangalia saa: matukio ya usiku mkubwa, alifikiri, yatakuwa karibu na kwake, kwa kuwa aliye mbali na nyumbani huwahi kurudi. Hesabu zikamwelekeza Bradford, kati ya Manningham na Shipley. Sutcliffe aliishi Heaton, katikati ya sehemu hizo mbili. Hata hivyo aliyemkamata, Januari 2, 1981, ni askari wa doria Sheffield waliokagua namba za gari zikaonekana bandia.

Rossmo aliifanya hesabu hiyo kuwa programu ya kompyuta katika shahada yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Simon Fraser, 1995. Mambo mawili yanatosha kuielewa. Mhalifu hapendi kwenda mbali kuliko inavyohitajika, hivyo kadiri umbali unavyozidi matukio yanapungua. Pia haharibu mlangoni kwake, ambako anajulikana, hivyo kuna ukanda mtupu kuizunguka nyumba. Unganisha mambo hayo kwa kila tukio, na ramani inapata rangi: nyekundu ndipo pa kuanzia.

*Mezani.* Matukio kama 5 au zaidi ya mtu mmoja, na mahali sahihi pa kila tukio. Kama mhalifu husafiri kwenda mji mwingine kuwinda, au amehama katikati, ramani inadanganya. Canter na mwenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba kati ya wabakaji 45 wa mfululizo asilimia 87 waliishi ndani ya duara la matukio yao. Basi wako na wale wa nje ya duara.

*Iliposaidia.* Faida yake ni kupunguza. Kwa mujibu wa Rossmo, wastani nyumba ya mhalifu hupatikana ndani ya takriban asilimia 5 ya eneo lote la kuwinda. Haitaji mtu, hivyo haichafui jina la mtu, na inaweza kupimwa: alikuwa ndani ya wekundu au hakuwamo. Hilo naliheshimu sana.

*Ilipoumiza.* Hapa aliyeumiza hakuwa mchora ramani. Mwaka 1998 Rossmo aliwaambia wakubwa wake kwamba wanawake wanapotea kupita kiasi mtaa wa Downtown Eastside, Vancouver, na kwamba huenda kuna muuaji wa mfululizo. Akataka wananchi waonywe. Wengi wa waliopotea walikuwa maskini, na wengi wa jamii za wenyeji asilia. Akakataliwa. Robert Pickton alikamatwa Februari 2002 katika shamba la nguruwe, akahukumiwa 2007 kwa mauaji ya wanawake 6. Shambani palipatikana mabaki au vinasaba vya 33. Mkataba wa Rossmo ulikuwa umeshakwisha bila kuongezwa. Zingatia na hili: hapakuwa na miili, hivyo hapakuwa na maeneo ya tukio ya kuweka kwenye ramani. Alichotumia ni kuhesabu waliopotea mwaka kwa mwaka.

*Inamfaa nani.* Mpima ardhi, mwanajiografia, mtu wa kompyuta. Ukitoka Chuo Kikuu Ardhi na mifumo ya taarifa za kijiografia mkononi, una nusu ya kazi. Na pasipo muuaji ujuzi huo haulali: hesabu hiyohiyo ilitumika kwenye data za malaria za Cairo kutafuta mazalia ya mbu kutoka kwenye makazi ya wagonjwa.

Na Afrika?

Afrika Kusini walichanganya. Mwaka 1994 Micki Pistorius, mwandishi wa habari aliyesomea saikolojia, aliingia polisi na kuanzisha kitengo cha saikolojia ya upelelezi, akiwafundisha wapelelezi badala ya kuwaandikia tu. Kesi za huko zilikuwa na sura yake. Moses Sithole, aliyehukumiwa 1997 kifungo cha miaka 2,410 kwa mauaji 38 na makosa mengine, aliwavuta wanawake kwa ahadi ya ajira. Msomaji wa Manzese au Kayole haelezwi kwa nini chambo hicho kinafanya kazi. Pistorius aliacha mwaka 2000, mwili na moyo vimechoka kwa aliyoyaona. Anayetaka njia yoyote kati ya hizi aitafakari gharama hiyo mapema.

Kwetu Afrika Mashariki kesi zipo. Kigali, mwaka 2024, Denis Kazungu alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua watu 14. Nairobi, mwaka 2021, kijana aliyetuhumiwa kuua watoto alitoroka mahabusu, na siku chache baadaye wananchi wa kwao Bungoma wakamuua. Kila swali ambalo Burgess angetaka aulizwe lilizikwa pamoja naye, na familia zikabaki bila kesi.

Ninachoona kinakosekana kabla ya wasifu wowote ni kuunganisha majalada. Mtoto amepotea wilaya hii, mwingine wilaya ya jirani, na vitabu viwili vya vituo viwili havijawahi kukaa meza moja. FBI waliunda mfumo wao wa kuunganisha kesi mwaka 1985 kwa sababu hiyohiyo.

Uchague vipi

Kama tayari ni askari, anza na Quantico, lakini ichukue kama nidhamu ya kusoma jalada na maisha ya marehemu, na achana na yale makundi mawili. Usimtaje mtu kwa wasifu pekee. Muulize kwanza mwenye jalada ana ushahidi gani.

Kama unasoma saikolojia na hesabu hazikukimbizi, nenda kwa Canter, ukijua kwamba kazi yako ya kwanza itakuwa kujenga jedwali letu wenyewe. Hakuna atakayekujengea.

Kama unataka kazi ambayo makosa yake hayamwangukii mtu mmoja kwa jina, na unataka ujuzi utakaokulisha hata kesi zisipokuwapo, ramani ndiyo yako.

Kama kinachokugusa ni walioachwa, mama wa Montana, familia za Vancouver, fuata nyayo za Burgess: uuguzi wa afya ya akili au ustawi wa jamii. Aliingia katika historia ya wauaji kupitia kuwasikiliza waliodhurika.

Kama ni mwandishi wa habari, na mtaalamu anakuambia muuaji ni "mpweke mwenye hasira", muulize kauli hiyo ingeweza kuthibitishwa kuwa si kweli kwa njia gani. Mkumbushe pia utafiti wa Gary Copson wa 1995 Uingereza: katika kesi 184 wapelelezi wengi waliridhika na ushauri waliopewa, lakini wasifu ulisaidia kumtambua mhalifu katika asilimia 2.7 tu.

Na kama hujui bado, fanya nilichomwambia yule binti. Hukumu za kesi za mauaji za Tanzania zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na za Kenya ziko kwenye tovuti ya Kenya Law. Chukua 20. Tengeneza jedwali lenye safu za matendo, za watu na za mahali. Jaza jioni moja moja, kisha tazama mkono wako ulikaa wapi.

Wiki ya tatu alinitumia lake. Safu za matendo alizijaza haraka, nyingine kwa neno moja. Lakini mahali marehemu alipoonekana mara ya mwisho alikuwa ameandika kijiji, umbali hadi barabarani, saa, na pale hukumu iliposema "karibu na mto" alikuwa ametafuta ni mto gani. Nimemtumia jina la kozi ya ramani.